Kiini cha Kujijengea

Shika simu yako. Ingia settings, teremka hadi mwisho, gusa "About phone", halafu tafuta mstari unaosema "Kernel version". Kama ni Android utaona namba, labda 4.14 au 5.10, na nyuma yake mkia mrefu wa herufi na, kwa simu nyingi, tarehe. Hiyo si tarehe uliyonunua simu. Ni siku ambayo kompyuta fulani, mahali fulani, ilipewa mamilioni ya mistari ya msimbo ikaigeuza kuwa faili moja. Faili hiyo ndiyo inayoamua programu ipi ipate prosesa sasa na ipi ingoje, nani aruhusiwe kugusa kamera, na sauti yako itoke kwa maikrofoni ifike vipi kwenye mnara. Waingereza huiita kernel. Sisi tuna neno tamu zaidi: kiini, kama cha yai.

Kiini kilicho ndani ya simu yako ni Linux, na hukukipika wewe. Hata muuzaji wa Luthuli hakukipika. Kimekuja kimeiva.

Kuna kipindi cha kama miaka kumi, tuseme kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, ambapo watu wa huku kwetu walikuwa wakikipika wenyewe. Nao hawakuwa wahandisi wa kampuni kubwa pekee. Kulikuwa na wenye saiba, walimu wa hesabu, vijana wa kuvuta nyaya kwenye ofisi za intaneti. Historia ya teknolojia ya Kenya tukiisimulia, huwa tunaanzia M-Pesa ya 2007, kana kwamba kabla ya hapo tulikuwa tumekaa kwenye foleni tukingoja kuitwa. Mimi nimetoka Kanyakine, Imenti Kusini, na najua kwamba hata huko, kwenye migomba na kahawa, kuna watu hawakuwa kwenye foleni.

Mwanzo wa Linux wengi mnaujua, kwa hivyo nitaupitia mbio. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, aliwatangazia watumiaji wa Minix kwamba anaunda mfumo endeshi wa bure, kwa kujifurahisha tu. Minix ilikuwa mfumo mdogo wa kufundishia, kazi ya Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam. Septemba hiyo likatoka toleo 0.01, mistari kama 10,000. Toleo 1.0 lilitoka tarehe 14 Machi 1994 likiwa na mistari kama 176,000. Toleo 2.4.0, Januari 2001, lilikuwa limepita milioni 3. Leo ni zaidi ya milioni 30.

Jambo moja tu kwenye hadithi hiyo nitaomba ulikamate. Mwaka 1992 Torvalds alikiweka kiini chake chini ya leseni ya GPL, iliyotoka kwa Richard Stallman. Leseni hiyo ina sharti: ukimpa mtu programu iliyokwisha kukompailiwa, lazima umpe pia nafasi ya kupata msimbo wake, ule ambao binadamu anaweza kuusoma na kuubadilisha. Kukompaili ndiko huko kugeuza maandishi ya binadamu kuwa namba ambazo mashine inazila. Mwenye namba tupu ana chakula cha siku moja. Mwenye msimbo ana jiko.

Kwa nini basi watu walilazimika kupika wenyewe? Kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikufanana. Kila moja ilikuwa na kadi yake ya mtandao, kadi yake ya sauti, modemu yake, na kila kidude kilidai draiva ndani ya kiini. Ukizitia draiva zote, kiini kinavimba. Mashine ikiwa na RAM ya megabaiti 8, kiini kilichovimba kinakula sahani ya wenzake wote. Tena kulikuwa na mpaka wa urithi: kiini cha aina ya zImage kilipakiwa kwenye kilobaiti 640 za kwanza za kumbukumbu, na kikizidi hapo hakiwaki. Ndipo ikaja bzImage, inayopakiwa juu ya megabaiti ya kwanza. Ile "b" ni ya ukubwa tu, haihusiani na bzip2, ingawa nimesikia wasee wazito wakiapa vingine.

Hayo yalikuwa ya dunia nzima. Huku kwetu kulikuwa na sababu ya ziada, nayo ilikuwa laini.

Mwaka 1995 intaneti kamili ilianza kuuzwa Nairobi. Shirika la posta na simu, KPTC, ndilo lililokuwa na waya zote, na Oktoba mwaka huohuo lilitangaza kwamba kuuza huduma hiyo juu ya laini zake ni matumizi haramu. Biashara iliendelea, lakini mlango wa kutokea nje ya nchi ulibaki mikononi mwa mtu mmoja: KPTC ilifungua Jambonet mwaka 1998, kisha Telkom Kenya ikairithi. Data yote ilipanda kwenye setilaiti na kushuka ng'ambo. Barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Upper Hill ilikuwa inaweza kupitia Marekani na kurudi, na safari hiyo ililipiwa kwa dola. Mwishoni mwa Novemba 2000 watoa huduma, kupitia chama chao TESPOK, walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data hapahapa Nairobi. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya kipekee inavunjwa, na baada ya kama wiki mbili CCK ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Safari ya data ndani ya nchi iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima ikashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sasa fikiria wewe ndiye fundi wa mtandao wakati huo. Una laini ya kilobiti 64 kwa sekunde. Ni ghali kuliko mshahara wako. Watu 40 wanaitaka kwa wakati mmoja, na mmoja wao anashusha nyimbo. Kuongeza laini huwezi. Unachoweza ni kuigawa kwa haki, na kazi ya kugawa laini hufanyika ndani ya kiini, kwa sababu hapo ndipo kila pakiti ya data hupita.

Kwenye FreeBSD, binamu ya Linux iliyopendwa sana na watoa huduma, chombo hicho kiliitwa Dummynet, kazi ya Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa. Kiini cha kawaida hakikuja nacho. Njia ya kawaida ilikuwa kunakili faili ya maelezo iliyoitwa GENERIC, kuongeza mstari wa options DUMMYNET, halafu kukompaili upya. Upande wa Linux kulikuwa na HTB ya Martin Devera, Mcheki, ambayo iliingia kwenye kiini rasmi katika toleo 2.4.20, Novemba 2002. Kabla ya hapo ulikuwa unaibandika kama kiraka. Kwa hivyo ukisikia kwamba fundi wa Nairobi au Kampala wa mwaka 2001 alikuwa akijikompailia kiini, usidhani alikuwa anajishaua. Alikuwa anagawa maji wakati wa kiangazi.

Ujuzi huo ulisafiri kwa miguu ya watu. Mkutano wa AfNOG, wa wahandisi wa mitandao wa Afrika, ulianza Cape Town mwaka 2000 ukawa unahama kila mwaka: Kampala 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011. Kabla ya mazungumzo ya wakubwa kulikuwa na mafunzo ya siku kadhaa, kwa kiasi kikubwa juu ya FreeBSD, watu wamekaa mbele ya mashine tupu wakizijenga kutoka chini. Waliohudhuria walirudi kazini wakafundisha wawili, watatu. Hao nao wakaenda makwao likizo.

Hivyo ndivyo kiini kilivyofika Kanyakine. Mwaka 2004, likizo ya Agosti, nilikuwa kijana wa sekondari, na kulikuwa na saiba ya mashine nne nyuma ya duka la pembejeo. Mwenyewe tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu kabla ya kuacha chaki. Mashine zote zilikuwa mitumba ya ofisi. Intaneti ilikuwa modemu moja kwenye laini ya simu ya mezani, na siku njema ilifika kilobiti 33 kwa sekunde. Kwa watu wanne. Bei ilikuwa bob tano kwa dakika.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa laini isiyogawanywa, na haukuwa ubaya wa kitaalamu. Mama mmoja amekuja kusoma barua ya mwanawe aliye Marekani. Kando yake kijana anashusha wimbo. Wimbo unameza laini yote, barua haifunguki, na saa ya ukutani inahesabu pesa ya mama. Analipia kungoja. Kijana naye hana kosa, amelipa kama mwenzake. Mwalimu alikuwa anaona aibu kupokea pesa hiyo, na mara nyingine aliwarudishia watu nusu, jambo ambalo si biashara.

Nilimuuliza, "Mwalimu, si tuweke Windows tu kwa hiyo mashine ya kati?"

"Leseni yake ni pesa ngapi, kijana? Na nikishainunua, itaniuliza ni nani afunguliwe maji kwanza?"

Mtu wa Imenti akisikia habari ya kufunguliwa maji haulizi mara mbili. Mashamba yetu mengi yanaishi kwa mabomba ya miradi ya wenyeji, maji yanashuka kwa mteremko kutoka juu msituni, na kila mradi una ratiba ya zamu na ugomvi wake. HTB inafanya kazi karibu hivyohivyo. Kila mtumiaji anapewa kiwango chake cha uhakika, na mwenzake akiwa amefunga bomba, kile kilichobaki kinaazimwa kwa anayekihitaji, hadi mwenyewe atakapofungua tena. Ndani yake kuna tokeni. Ndiyo, tokeni kama za stima: zinadondoka kwenye ndoo yako kwa kasi iliyopangwa, kila pakiti ikipita inalipa, zikiisha unangoja zidondoke nyingine. Na kwa kuwa unaigawa laini pale data inapotoka kuelekea mashine za wateja, yule anayeshusha wimbo hupunguzwa kasi polepole na seva ya ng'ambo yenyewe, bila kuambiwa chochote.

Mashine ya kati ilikuwa Pentium ya megahezi 133 yenye RAM ya megabaiti 32, na ndani yake Debian 3.0. Debian hiyo ilitoka Julai 2002 na kiini chake cha kawaida kilikuwa 2.2.20. Ungeweza kuchagua 2.4.18. Vyote viwili vilikuwa vya kabla ya HTB. Kwa hivyo msimbo mpya ulilazimika kutafutwa, na kwa laini yetu ungechukua zaidi ya saa mbili kushuka, simu ikihesabu. Mwalimu alifanya jambo la busara: jamaa yake wa Nairobi aliuchoma kwenye CD, akaitia kwa bahasha ya kaki, akampa makanga wa matatu ya kuja Nkubu. Megabaiti karibu 30, nauli ya kifurushi. Kwa kilobaiti kwa shilingi, sidhani kama kuna mtandao wowote Kenya uliwahi kuishinda ile matatu.

Tulianza jioni, saiba imefungwa. Kwanza unafungua kifurushi, faili maelfu zinamwagika kwenye diski. Halafu unaandika make menuconfig, na inakuja skrini ya buluu yenye maswali. Hayo maswali ndiyo yaliyonifunza kompyuta ni nini. Prosesa yako ni ya familia gani? Una kadi ya SCSI? Una redio ya ridhaa? Unataka kuelewana na diski za Macintosh? Kila swali lina maelezo, na mengi yanakushauri, kwa ufupi, kwamba kama huna uhakika basi kataa. Ukijibu ndiyo, draiva inaingia ndani ya kiini. Ukijibu M, inakuwa moduli, inakaa kando hadi iitwe. Tulikataa na kukataa. Sauti, hapana. Redio, hapana. Tulipofika kwenye sehemu ya kugawa foleni za mtandao, Mwalimu alisogeza kiti, akaweka alama kwenye HTB kama mtu anayetia sahihi hati ya shamba.

Kisha amri zikafuatana: make dep, make bzImage, make modules. Skrini inateleza majina ya faili, moja baada ya nyingine, kwa zaidi ya saa mbili. Sitaki kutia chumvi kwa sababu ya mapenzi ya zamani. Sehemu hii inachosha. Unakunywa chai. Unasikiliza diski ikikwaruza. Na Kanyakine ya wakati ule, kabla hujamaliza kikombe, stima inapotea.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hili silioni kwenye vitabu. Programu ya make haijui imefika wapi kwa kukumbuka. Inaangalia saa za faili. Kama faili iliyopikwa ni mpya kuliko msimbo wake, inairuka. Kama ni kuukuu, inaipika tena. Kwa hivyo stima ikirudi, kwa kawaida inaendelea pale ilipoachia. Lakini mashine za mitumba zilikuwa na betri ndogo ya ubaoni iliyokwisha kufa, na bila betri hiyo saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi, hadi tarehe ya kiwandani. Sasa kila faili unayopika leo inapigwa mhuri wa mwaka uliopita zamani, msimbo unaonekana umetoka siku zijazo, na make inaona kila kitu ni kuukuu. Inaanza upya. Ukikatika umeme tena, inaanza upya tena. Mtu angeweza kukompaili hadi Krismasi. Mwalimu alikuwa amebandika karatasi kwenye kioo cha skrini, mkono mzuri wa ubaoni: KABLA YA YOTE, WEKA TAREHE. Betri yenyewe tuliipata kesho yake Nkubu, kwa fundi wa saa.

Kuna ugonjwa mwingine wa mitumba ambao kiini kilikuwa dawa yake, au tuseme kipimo chake. Kukompaili kunatumia RAM yote, kwa muda mrefu, bila huruma. RAM ikiwa na ufa mdogo, Windows itakuvumilia mwezi mzima, lakini kompaila ya GCC itakatika ghafla ikitaja signal 11, na ukirudia itakatika mahali pengine. Mahali pakibadilikabadilika, msimbo hauna makosa. Mashine ni mbovu. Mwalimu akienda Nairobi kununua kompyuta kuukuu alibeba diski yake yenye msimbo wa kiini, akaomba aiunganishe na aachwe saa moja. Wauzaji walidhani ni mwendawazimu. Zile zilizokatika hakuzinunua, na hakuwaeleza kwa nini.

Usiku ule iliisha karibu saa saba. Unanakili bzImage kwenye /boot, unaandika jina lake kwenye lilo.conf, unaacha kiini cha zamani pale chini yake, kwa sababu kiini cha zamani hakifutwi hadi kipya kimekula nawe wiki nzima. Halafu unaandika lilo, amri moja fupi, na ndiyo inayotenganisha fundi na mkia wake. LILO haikujua kusoma faili. Ilihifadhi orodha ya mahali pa kiini kwenye diski, namba kwa namba. Ukibadilisha kiini bila kuiambia, kesho asubuhi mashine inaenda kwenye anwani ya nyumba iliyobomolewa. Mwalimu aliandika lilo mara mbili, kwa hakika, kisha akawasha upya.

Kiliwaka. Asubuhi wateja wanne walikaa, mmoja akashusha wimbo, na barua zikafunguka. Hakuna aliyegundua lolote.

Desemba ya mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux: programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na baadhi ya maneno tunayotumia leo bila kufikiri yalipigiwa debe hapo. Lakini tafsiri hizo zilikaa kwenye maganda. Ujumbe wa kiini chenyewe, ile mistari myeupe inayopita mashine ikiamka, haukutafsiriwa, na hadi leo haujatafsiriwa kwa lugha yoyote. Kiini huongea Kiingereza duniani kote. Mwalimu alikuwa akisoma mistari ile kwa sauti na kuifasiri papo hapo: "Imeona diski. Imeona kadi. Hii hapa inalalamika."

Kilichoua upishi huu ni ukarimu. Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza likipewa jina la utani la ngiri. Jina la mfumo halikuwa geni kwetu. Kimeru husema muntu. Ukijaza anwani, walikutumia CD kwa posta, bure kabisa, na waliendelea hivyo hadi 2011. Zilifika hadi sanduku la posta la Nkubu. Na kiini chake kilikuja na karibu kila draiva duniani kama moduli, mashine ikiamka inajitazama na kujichagulia. Diski zilikuwa zimekuwa kubwa, RAM nafuu, hakuna haja ya kubana. HTB ilikuwa humo tayari. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa, na hofu ya laini nyembamba ikaanza kusahaulika, ingawa vijijini ilichukua muda. Mwalimu aliweka Ubuntu kwenye mashine zote nne na hakukompaili tena. Nilipomuuliza kama haoni kimepungua kitu, alinishangaa. Alikuwa hajawahi kuipenda kazi ile. Aliipenda laini iliyogawanyika.

Mimi nilidhani habari imeishia hapo. Kisha mapema 2011 ikaja IDEOS.

Wenye umri wangu mnaikumbuka: Huawei kidogo, kama kipande cha sabuni, Safaricom wakiiuza kama shilingi 8,000, na ghafla Android haikuwa ya matajiri. Prosesa ya megahezi 528, nafasi ya ndani finyu ajabu. Na kwa kuwa kiini chake kilikuwa Linux, 2.6.32, na msimbo ulipatikana, vijana wa hosteli walianza tena. Walikikompaili kwenye laptop zao za Ubuntu kwa ajili ya prosesa ya ARM, wakapandisha kasi kupita ya kiwandani, wakaweka CyanogenMod 7. Simu ya bei ya chini kabisa sokoni ikaendesha Android mpya kuliko ile iliyokuja nayo. Hawa hawakumjua Mwalimu wala AfNOG, lakini menuconfig yao ilikuwa ileile, rangi ya buluu ileile.

Leo mambo yamepangwa vingine. Kwa simu zinazotoka na Android 12 na kiini cha 5.10 kwenda mbele, Google hukompaili kiini kimoja cha pamoja, na mtengenezaji anaongeza moduli zake pembeni. Ni mpango mzuri kwa usalama. Viraka vinafika haraka. Lakini programu ya kuwashia simu mara nyingi imefungwa kwa ufunguo wa kampuni: kiini kisicho na sahihi yake hakiwaki, hata ukiwa na msimbo wote mkononi. Simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, zina kufuli jingine juu yake, ukichelewa kulipa inageuka tofali. Ninaelewa mkopeshaji. Naona pia kwamba kwa mara ya kwanza mtu wa Kanyakine anabeba kiini ambacho kwa makusudi kimetengenezwa kimkatae.

Aprili nilipokuwa nyumbani, kijana wa boda aliniletea simu yake, eti nimwambie kwa nini programu ya benki imekataa kufunguka. Kiini kilikuwa 4.14. Walinzi wa Linux waliacha kukitunza kiini hicho Januari 2024, na kampuni iliyounda simu ilikuwa imeacha mapema zaidi. Kwa mujibu wa GPL, msimbo wa kiini hicho ni haki yake. Nilitafuta kwenye tovuti ya kampuni, ambayo sitaitaja. Simu za bei kubwa zilikuwapo, hiyo yake haikuwapo. Niliwaandikia nikiomba, nikataja leseni na toleo.

Tulienda kwa fundi wa simu wa Nkubu, aliye na laptop yenye faili za kuflashi za kila modeli, zimepangwa kwa herufi. Aliangalia, akasema ataweka ileile ya kiwandani, mia tano, na picha zitapotea. Nikamuuliza kuhusu kukompaili mpya. Laptop yake ilikuwa na kori nane na RAM ya gigabaiti 16. Kiini kilichopunguzwa kingechukua kama dakika kumi, na stima ilikuwa imara.

"Nipe msimbo," akasema. "Hiyo ingine nitajua nayo."

Aliandika modeli ya simu kwenye daftari, na namba yangu kando yake.